Saa mbili zilikuwa zetu, saa kumi zilikuwa zenu: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya Lamu

Kwa Waheshimiwa,
Nyote mliokabidhiwa dhamana ya afya ya watu wa visiwa na mwambao wa Lamu.

KUH: DAWA YA KUYEYUSHA DAMU ILIYOGANDA KWA WAGONJWA WA MSHTUKO WA MOYO

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima. Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliileta kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri, nikaambiwa nitapigiwa simu. Ya pili niliileta baada ya miezi miwili, nikaambiwa ile ya kwanza haionekani kwenye faili. Ya tatu niliiandika kwa kutegemea Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kumjibu mwananchi. Siku 21 zilipita, zikapita nyingine 21. Sikupigiwa simu, sikuandikiwa hata mstari mmoja. Ndiyo maana leo nasema mbele ya watu.

Kwanza niseme nisichokitaka. Sitaitaja hospitali tuliyofikia, wala sitasema iko kisiwani au bara. Sitamtaja nesi wala tabibu aliyekuwa zamu. Walitupokea vizuri na walifanya kila walichokuwa na uwezo nacho. Malalamiko yangu ni juu ya kile ambacho hawakupewa ili wafanye kazi yao, na wa kuwapa ni nyinyi.

Baba yangu ana umri wa miaka 61. Ni fundi wa majahazi wa Matondoni, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Siku hiyo aliamka saa kumi na nusu alfajiri kwenda kutia udhu. Mama alimkuta amekaa kwenye kizingiti, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa ndoo ya maji, ngumi ameikandamiza kifuani. Akasema, "Chanibana. Kama mtu kanikalia." Tukadhani ni kiungulia. Tukamchemshia tangawizi, tukamsugua mgongo kwa mafuta. Ilipotimia saa nzima na maumivu yamepanda hadi kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto, ndipo kaka yangu akaenda mbio kumgongea nahodha jirani. Maji yalikuwa yamekupwa. Wanaume wanne walimlaza Baba juu ya kitanda cha kamba, wakambeba kwenye matope yanayowafika magotini, hadi pale boti ilipoweza kuelea. Tulifika hospitali saa moja kasoro dakika kumi.

Hizo ni saa mbili na dakika 20, na nazikubali kuwa ni zetu. Nimezililia, na bado nazililia. Lakini zilizofuata si zetu.

Nesi alimpima presha, akamwuliza maswali ya maana, akaenda kuileta mashine ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo kwenye karatasi. Mashine ilikuwa nzima. Karatasi ilikuwa imekwisha, na mwenye ufunguo wa stoo huingia kazini saa mbili na nusu. Kipimo kilifanyika saa tatu kasorobo. Tabibu aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaitazama, na uso wake ukabadilika. Akampa Baba asprini atafune. Akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini: "Dada, dawa yake yajulikana, lakini hapa hatuna. Itabidi apelekwe Mombasa." Ambulensi ilikuwapo, mafuta hayakuwapo. Tuliondoka saa tano. Witu, Garsen, Malindi, Kilifi, vizuizi vya barabarani, foleni ya Mtwapa. Tulifika Mombasa saa kumi na moja jioni.

Kuanzia tulipovuka mlango wa hospitali ya kwanza hadi tulipofika Mombasa ni saa kumi na dakika kumi. Katika muda wote huo, mshipa wa moyo wa Baba ulikuwa umezibwa na donge la damu ambalo kuna dawa ya kuliyeyusha. Dawa hiyo hudungwa kwenye mshipa wa mkono, na imejulikana tangu kabla mimi sijazaliwa.

Daktari wa moyo aliyempokea Mombasa alimpitishia Baba mpira mwembamba kwenye mshipa, akaufungua ule ulioziba na kuuwekea stenti, kijibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi. Kesho yake alinikalisha chini. Alitwaa bahasha ya picha za eksirei, akaigeuza, akanichorea. Bahasha ile ninayo hadi leo, na karibu kila ninachokisema hapa kilianzia pale. Mengine nimeyatafuta na kuyasoma mwenyewe usiku baada ya usiku, kwa kuwa nilitaka kuelewa.

Mishipa inayoulisha moyo ni myembamba kuliko mrija wa soda. Mafuta hujijenga ndani ya ukuta wake miaka na miaka bila mtu kujua. Siku moja kile kivimbe hupasuka kama jipu, damu hukutana na kidonda, na kwa kuwa kazi ya damu ikikuta kidonda ni kuganda, huganda. Donge huziba njia, na nyama ya moyo iliyo mbele yake hukosa damu. Haifi yote kwa pamoja. Huanza kufa kwa ndani, kisha kifo husogea kuelekea nje, saa baada ya saa. Ndani ya dakika 40 hivi sehemu ya ndani imeanza kwenda. Zikifika saa sita, kilichobaki cha kuokoa ni kidogo.

Donge lenyewe limeshikwa na nyuzi ziitwazo faibrini, zilizosukwa mithili ya wavu. Mwili una kitu chake cha kuukata wavu huo, kinaitwa plazmini, ila huwa kimelala. Dawa ninazozizungumzia, streptokinasi, alteplasi na tenekteplasi, kazi yake ni kukiamsha. Wavu ukikatika donge humomonyoka, na damu hupita. Lakini donge likikaa, nyuzi zake hukazana na kuwa ngumu. Watu wa Lamu hatuhitaji kufafanuliwa sana. Kila nahodha anayepita mkondo wa Mkanda kwenda Pate anajua tofauti ya tope lililoingia leo na tope lililoachwa likashika.

Hapo daktari alichora mishipa minne, mmoja chini ya mwingine. Wenzake duniani, aliniambia, huupima mkondo wa damu kwa daraja nne, zilizotokana na utafiti wa Marekani uitwao TIMI wa mwaka 1985. Daraja sifuri: hakuna kinachopita. Daraja la kwanza: damu inapenya penye donge lakini haifiki mwisho wa mshipa. La pili: inafika, ila kwa kujikokota. La tatu: inapita kama inavyopita kwa mtu mzima wa afya. Akaweka kalamu kwenye mshipa wa chini, akasema, "Tunalolitafuta ni hili tu, na tunalitafuta mapema."

Neno hilo "mapema" naomba mlitazame kwa makini. Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti mkubwa uitwao GUSTO, wa wagonjwa 41,021. Kundi moja lilipewa alteplasi kwa haraka pamoja na heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Makundi mengine matatu yalipewa streptokinasi kwa namna mbalimbali, moja likichanganyiwa alteplasi. Wagonjwa 2,431 kati yao walipigwa picha za mishipa. Dakika 90 baada ya dawa kuanza, asilimia 54 ya waliopewa alteplasi kwa haraka walikuwa na daraja la tatu. Katika makundi mengine hawakufika asilimia 40. Kufikia dakika 180, mishipa iliyofunguka ilikuwa sawasawa katika makundi yote manne.

Basi mtu angedhani matokeo nayo yalilingana. Hayakulingana. Waliokufa ndani ya siku 30 katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 6.3, katika yale mawili ya streptokinasi peke yake walikuwa asilimia 7.2 na 7.4. Na walipotazamwa kwa mkondo wa damu wa ile dakika ya 90, waliokuwa na daraja la tatu walikufa asilimia 4.4, na wale ambao mshipa ulikuwa bado umezibwa kabisa walikufa asilimia 8.9. Kama mara mbili. Saa moja na nusu ile ya kupata damu kabla ya wengine iliwapa nafasi kubwa zaidi ya kupona.

Nilipoyasoma hayo nilifunga simu, nikatoka nje, nikakaa barazani. Baba alingoja zaidi ya saa 12.

Sasa nayaweka malalamiko yangu kwa nambari, mpate kuyajibu kwa nambari.

1. Dawa haikuwapo. Hili ndilo la kwanza na ndilo kubwa, mengine yote ni matawi yake. Streptokinasi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Si ya majaribio wala si ya kitajiri. Utafiti wa GISSI wa Italia, mwaka 1986, ulifuatilia wagonjwa 11,806, ukaonyesha kuwa streptokinasi hupunguza vifo vya siku 21 kutoka asilimia 13 hadi 10.7, na faida ilikuwa kubwa zaidi kadiri mgonjwa alivyowahi. Miaka miwili baadaye ISIS-2, wa wagonjwa 17,187, ulionyesha kuwa streptokinasi pamoja na asprini hushusha vifo vya wiki tano kutoka asilimia 13.2 hadi 8. Wataalamu waliozikusanya tafiti hizo mwaka 1996 walikadiria kuwa katika kila wagonjwa 1,000 wanaopewa dawa ndani ya saa ya kwanza, 65 huokolewa ambao wangekufa. Ndani ya saa ya pili ni 37. Ndani ya saa ya tatu ni 26. Tulipofika hospitali Baba alikuwa katika saa ya tatu. Yeye alikuwa bado na haki ya kuhesabiwa katika hiyo 26.

2. Karatasi ya ECG. Miongozo ya madaktari wa moyo inataka mgonjwa wa maumivu ya kifua afanyiwe kipimo hiki ndani ya dakika kumi tangu kuonana na mhudumu wa kwanza. Sisi tulingoja karibu saa mbili kwa sababu ya bunda la karatasi lililofungiwa stoo. Sina la kuongeza hapa.

3. Rufaa imefanywa kuwa ndiyo matibabu. Mgonjwa akipakiwa kwenye gari, kwenye daftari kazi imekwisha. Lakini moyo haujui kuwa umepewa rufaa. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2023 uko wazi kabisa: ikiwa mshipa hauwezi kufunguliwa kwa mpira ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe, basi mgonjwa adungwe dawa ya kuyeyusha donge ndani ya dakika kumi, kisha ndipo asafirishwe. Kutoka Lamu hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300. Hakuna dereva, hakuna barabara, hakuna kusindikizwa na polisi kutakakozifanya ziwe dakika 120. Kwa hiyo kwa mtu wa Lamu hakuna cha kuchagua kati ya sindano na mpira. Sindano ni ya hapa, mpira ni wa baadaye. Mgonjwa aliyedungwa naye lazima asafiri. Akifunguka apigwe picha ya mishipa kati ya saa mbili na saa 24 baada ya sindano, na asipofunguka akimbizwe mara moja. Tofauti ni kwamba anasafiri damu ikiwa inapita.

4. Mafuta ya ambulensi. Tuliambiwa tuchange, tukachanga. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 imeunda mfuko wa dharura na magonjwa mahututi. Mgonjwa haulizwi uji, seuze petroli.

5. Hakuna aliyetufundisha. Nimesema saa mbili zile ni zetu, na sijirudi. Lakini katika zahanati zote nilizoingia maishani mwangu nimeona mabango ya malaria, ya chanjo, ya kipindupindu. Sijaona hata moja linalosema: kifua kikikubana kwa zaidi ya dakika chache, na jasho jembamba likakutoka, usichemshe tangawizi. Nenda.

Waheshimiwa, nazijua baadhi ya sababu mtakazonipa, kwa kuwa nimeshapewa mlangoni, kwa maneno, na watu ambao hawakutaka kuziandika. Naziandika mimi.

Mtasema Lamu haina daktari bingwa wa moyo. Ni kweli. Lakini dawa hii haimhitaji asimame kando ya kitanda. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa STREAM, wa wagonjwa 1,892 waliofika ndani ya saa tatu na ambao hawakuweza kufunguliwa kwa mpira ndani ya saa moja. Nusu walidungwa tenekteplasi mapema, wengi wao wakiwa ndani ya ambulensi, kabla ya kuuona mlango wa hospitali kubwa. Walipohesabiwa waliokufa, waliopata moyo kushindwa, walioanguka presha na waliozibwa tena, walikuwa asilimia 12.4, na katika ile nusu nyingine, ya waliopelekwa kufunguliwa kwa mpira, walikuwa asilimia 14.3, tofauti ambayo wataalamu wanasema ni kama sawa. Tenekteplasi hudungwa mara moja tu, kwa kipimo cha uzito wa mgonjwa. Karatasi ya ECG inapigwa picha kwa simu na kutumwa kwa bingwa Mombasa, naye akajibu kabla chai haijapoa. Picha za harusi zinafika Mombasa kutoka Kizingitini kwa sekunde. Kwa nini picha ya moyo isifike?

Mtasema dawa hii inaweza kumtoa mtu damu. Hili nalichukua kwa uzito wote, na mtu yeyote anayeipigia debe dawa bila kulisema anadanganya. Karibu mgonjwa mmoja katika 100 hutokwa damu ndani ya ubongo, na wengine wao hufa. Katika STREAM ilibidi kipimo kipunguzwe nusu kwa wenye miaka 75 na zaidi. Ndiyo maana kuna orodha ya maswali ya kuuliza kwanza: ulishawahi kutokwa damu kichwani, ulipata kiharusi miezi ya karibuni, ulipasuliwa au kuumia vibaya mwezi huu, unatokwa damu mahali, presha yako imevuka 180 kwa 110? Akijibu ndiyo, hapewi, anapakiwa gari. Orodha hiyo inajaa ukurasa mmoja. Nesi yule aliyempokea Baba angeimaliza kwa dakika tatu. Karibu maswali yote alikuwa ameshamwuliza kabla hajaambiwa. Na hatari ya dawa lazima ipimwe na hatari ya kukosa dawa, ambayo mimi naiona kila asubuhi nyumbani.

Mtasema ni ghali, na kwamba wagonjwa ni wachache, itaharibika kwenye rafu. Tenekteplasi ni ghali, sibishi. Streptokinasi ni nafuu kuliko hiyo. Ina kasoro zake: hutiwa kwa dripu kwa nusu saa hadi saa nzima, hushusha presha, huweza kuleta mzio, na aliyeipata mara moja hatakiwi kupewa tena. Lakini asilimia zile za GISSI na ISIS-2 zilipatikana kwa streptokinasi, ile ya ISIS-2 pamoja na asprini, si kwa dawa ya ghali. Sijaomba ghala. Nimeomba vichupa vichache, kwenye friji, vyenye tarehe iliyoandikwa kwa wino mkubwa, na ikikaribia kuisha vibadilishwe na hospitali kubwa inayotumia vingi. Duka la Langoni linajua kufanya hivyo kwa maziwa ya kopo.

Mtasema watu wanachelewa kufika. Wanachelewa. Nasi tulichelewa. Lakini tafiti zinaonyesha faida hata kwa anayefika baada ya saa sita, hadi saa 12. Ndogo zaidi, ila ipo. Na aliyechelewa nyumbani asicheleweshwe tena hospitali kana kwamba anaadhibiwa.

Naomba haya. Kila hospitali ya kaunti inayolaza wagonjwa, na kila kituo kikuu cha visiwa na mwambao wa mbali, Faza na Kiunga zikiwemo, iwe na dozi mbili au tatu za dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mashine ya ECG inayofanya kazi, na karatasi zake zikae pale ilipo mashine, si stoo. Kuwe na daktari mmoja wa kupigiwa simu mchana na usiku kwa kusoma kipimo, na namba yake ibandikwe ukutani. Matabibu na manesi wa zamu wafundishwe ile orodha ya maswali, kuchanganya dawa, na kumwangalia mgonjwa baada ya kudungwa: maumivu yamepungua, mstari wa ECG uliokuwa umepanda umeshuka angalau nusu ndani ya saa moja hadi moja na nusu, au la. Mgonjwa aliyedungwa asafirishwe siku hiyohiyo bila familia kuchangishwa mafuta. Na kila miezi mitatu mtangaze hadharani: wagonjwa wangapi wa mshtuko wa moyo walifika, wangapi walipata dawa, na ilichukua dakika ngapi tangu mlangoni hadi sindano. Nambari hiyo ya mwisho ndiyo niliyoiomba katika barua ya tatu. Ikiwa haijawahi kuandikwa, niambieni kuwa haijawahi kuandikwa.

Naomba pia jibu la maandishi ndani ya siku 30 kuanzia leo.

Mtataka kujua Baba yuko vipi. Yu hai, alhamdulillahi. Mshipa ulifunguliwa na picha ilionyesha damu inapita. Lakini nyama ya moyo iliyokuwa ikingoja damu hiyo ilikuwa imeshakufa. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu ya damu iliyomo chumbani kwa kila pigo. Wa Baba husukuma asilimia 30. Jahazi aliloliacha nusu liko ufukweni Matondoni, mbavu zake zimesimama, ubao wa pili wa chini haujapigiliwa. Asubuhi huenda kulitazama. Mwezi uliopita alitwaa tezo akajaribu. Nilihesabu mapigo manane, kisha akaiweka chini taratibu, akakaa juu ya gogo akisubiri pumzi irudi. Hakusema neno, nami sikumwuliza.

Niko tayari kuja ofisi yoyote mtakayonielekeza, siku yoyote, na nitakuja na ile bahasha yenye mchoro na nakala za barua zote tatu zenye mihuri yenu. Baba naye ameomba awepo. Kwa hiyo nawaomba kikao kifanyike chumba cha chini, kwa kuwa ngazi hawezi.

Wenu kwa heshima,

Binti wa fundi wa majahazi,
Matondoni, Lamu.